Mashine ya Methusela na Paa la Bibi Loisi

Kila asubuhi, kabla uji haujachemka, Anna alichukua kitambaa na kwenda kuifuta vumbi mashine ya mume wake. Aliifuta kama mtu anavyomfuta mtoto uso. Kisha alirudi jikoni, akakoroga uji wa uwele, akamwita Methusela aje kunywa.

Methusela na Anna waliishi kwenye vilima vya Kibakwe. Walikuwa na shamba la mahindi na karanga, ng'ombe wachache, na mashine hiyo moja ya kupasulia mbao.

Haikuwa mashine kubwa. Ilikuwa na reli mbili za chuma zilizolazwa chini. Gogo liliwekwa katikati ya reli. Juu yake kilipita kichwa cha mashine, chenye injini na magurudumu mawili. Msumeno wake haukufanana na msumeno wa mkono. Ulikuwa mkanda mrefu wa chuma, mwembamba, wenye meno upande mmoja. Mkanda huo ulizunguka kwenye magurudumu kwa kasi. Methusela aliposukuma kichwa cha mashine taratibu, gogo lilitoa ubao ulionyooka vizuri.

Uzuri wake ulikuwa kwamba mashine hii iliweza kuhama. Watu hawakuhitaji kuburuta magogo mpaka barabarani. Mashine iliwafuata. Ilifunguliwa, ikapandishwa kwenye mkokoteni, ikavutwa na maksai wawili. Aliyewaongoza maksai ni Meshack, mdogo wake Methusela, mtu wa maneno mengi. Walipopita njiani aliwaambia watu wasogee pembeni, bwana harusi anapita. Watu walicheka na kusogea. Tangu hapo, mashine ikaitwa Bwana Harusi.

Methusela alikuwa na tabia moja nzuri. Akimaliza kupasua, alikusanya mabanzi yote, vile vipande vya pembeni visivyotoa ubao, na kuyapanga karibu na jiko la mwenye miti, yawe kuni. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya tu, kisha akaondoka.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zilianza. Kwenye nchi kame kama yetu, mvua ikianza hakuna anayebaki nyumbani. Siku hiyo Methusela na Meshack walikuwa wanapasua mikaratusi kilimani. Mvua iliwakuta hapo hapo. Walirudi jioni, mashine imelowa, imejaa vumbi bichi la mbao kila pembe. Kesho yake ilikuwa siku ya kupanda. Hawakupata nafasi ya kuisafisha.

"Tuifunike vizuri, itapumzika mpaka mvua zikae sawa," alisema Methusela.

Walitoa turubai la kijani, lile wanalofunikia karanga. Huku kwetu kila mtu anajua kufunika karanga. Zikiwa zimelundikwa uani na wingu likatokea, unazifunika mpaka chini. Unakunja pembe zote, halafu unaweka mawe kuzunguka, ili upepo usiingie na mbuzi wasipenye. Basi wakaifunika mashine hivyo hivyo. Meshack alizunguka akibonyeza mawe kwa mguu. Alisema hata sisimizi akitaka kuingia, itabidi kwanza abishe hodi.

Misumeno ilikuwa minne. Methusela aliikunja kama miviringo, akaipaka oili chafu iliyotoka kwenye injini. Anna aliogopa kwamba mtu angeweza kukatwa na yale meno. Akatafuta mfuko mgumu kuliko yote nyumbani. Ulikuwa ule wa chumvi wanayolamba ng'ombe zizini. Aliukung'uta vizuri. Akaushona upya kwa sindano kubwa, akautia mfuniko na kamba ya kufungia. Ulipendeza. Misumeno ikatiwa humo, ikatundikwa ukutani stoo.

Wakaenda kulima wakiwa na amani.

Jirani yao wa karibu alikuwa Bibi Loisi, mjane. Nyumba yake ilionekana kutoka kwao, ng'ambo ya korongo. Anna alipojifungua mtoto wake wa kwanza, korongo lilikuwa limejaa na mkunga hakuweza kuvuka. Bibi Loisi alivuka. Alikaa na Anna siku tatu, akimpikia, akimkanda kwa maji ya moto. Mtoto huyo sasa anasoma sekondari, lakini Anna hajasahau zile siku tatu.

Katikati ya mwezi wa kwanza, upepo mkali ulikuja mchana ukaezua nyumba ya Bibi Loisi. Yeye na mjukuu wake Hilda walikuwa jikoni, hawakuumia. Mabati yaliokotwa shambani. Majirani waliyanyoosha kwa nyundo, bati moja moja, mpaka yakafaa tena. Lakini mbao za paa hazikufaa. Mchwa walikuwa wamezila ndani kwa ndani, zikavunjika kama mkate mkavu.

Kuanzia siku hiyo, Bibi Loisi na Hilda walilala kwenye kibanda cha jiko. Jiko lenyewe lilichukua nusu ya nafasi. Mvua ikinyesha, godoro liliwekwa juu ya sanduku, nao walikaa kwenye vigoda wakisubiri ikatike. Bibi Loisi hakulalamika. Alisema Hilda amejifunza kusinzia ameketi kama askari wa zamu.

Mpakani mwa shamba lake kulikuwa na migrevilea saba, miti ya mbao. Mume wake aliipanda kabla hajafa. Bibi Loisi alimwambia Methusela kwamba miti hiyo imeshafika kupasuliwa mbao.

Methusela akampa neno lake. Alimwambia kwamba mwezi wa pili mvua hupumzika, kama wiki mbili hivi. Katika siku hizo atapasua mbao, na majirani watapaua. Mvua ikirudi, bibi atakuwa ndani ya nyumba yake.

Mwezi wa pili ukafika na anga likatakata. Meshack na majirani waliangusha miti, wakakata magogo. Methusela akaenda kuondoa mawe yaliyobana turubai.

Alipoliinua, joto zito lilimpiga usoni. Kulinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Upande wa ndani wa turubai ulijaa matone ya maji. Vumbi la mbao lilikuwa limegeuka tope jeusi. Reli zilizokuwa zinang'aa zilikuwa nyekundu. Nati zilikuwa zimeganda, hazikufunguka. Anna alisimama na kitambaa chake mkononi, hakujua aanzie wapi.

"Lakini tuliifunika," alisema.

Stoo hali ilikuwa mbaya zaidi. Methusela alifungua mfuko, akatoa misumeno. Yote minne ilikuwa na kutu. Mmoja uliacha unga mwekundu mikononi mwake.

Methusela alifikiria zile wiki mbili. Hakutaka kupoteza hata siku moja. Alisugua reli kwa mchanga, akafungua nati kwa nguvu, akavalisha msumeno ulioonekana una nafuu. Wakaipeleka mashine kwa Bibi Loisi. Bibi alileta kigoda chake, akakaa karibu aone mbao zake za kwanza.

Injini iliwaka. Kichwa cha mashine kilikwenda kwa kukwaruza, kikikwama na kuruka. Ubao ulitoka umepinda kama njia ya mlimani. Kabla haujafika mwisho, kulitokea mlio mkali. Msumeno ulikuwa umekatika. Kwa bahati ulibaki ndani ya kizuizi cha bati kinachoufunika.

Methusela alizima mashine. Aliangalia alipokaa Bibi Loisi. Zilikuwa hatua nne tu.

Bibi Loisi aliinuka, akabeba kigoda chake. "Pumzika, mwanangu," alimwambia. "Magogo hayana miguu. Yatakusubiri."

Maneno hayo yalimchoma Methusela kuliko kama angegombezwa. Jioni walirudisha mashine nyumbani.

Ukutani stoo kulikuwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa mkaa. Ilikuwa namba ya Mwanaidi Khalidi, fundi wa kunoa misumeno wa Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Alikuwa mwenyeji wa Kondoa, mama wa makamo, na mafundi wa mbao wa sehemu nyingi walimfahamu. Methusela alimpigia, akamweleza yote. Kitu cha kwanza Mwanaidi alichouliza hakikuwa juu ya mashine.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hapana, mama."

"Alhamdulillahi. Usiiwashe tena. Acha kila kitu kama kilivyo, na turubai pia, na huo mfuko. Kesho nakuja."

Kesho yake mchana, basi lilimshusha Kibakwe. Alikuwa na sanduku dogo la vifaa na amejifunga kitenge juu ya gauni. Meshack alimpokea mzigo na kumwamkia.

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza Mwanaidi.

"Bwana Harusi yuko uani, mama. Ameota ndevu nyekundu."

Mwanaidi alicheka mpaka akashika kiuno.

Anna alikuwa amejiandaa. Hakujua kama mgeni angekula nyama iliyochinjwa pale, hivyo alipika ugali wa uwele na mlenda, asimtie mashakani. Tena alikuwa amefua mkeka na kuweka ndoo ya maji safi nyuma ya nyumba, mgeni akitaka kuswali. Mwanaidi aliuona mkeka na maji. Alimshika Anna mkono, akamwita mwanangu.

Baada ya kula, alikwenda kwenye mashine. Kwanza alichomoa waya wa plagi, ili injini isije ikawaka mikono ikiwa ndani. Alivaa glovu. Alichota lile tope la vumbi la mbao, akalikamua. Maji yalitoka.

Aliwaonyesha wote. Aliwaeleza kwamba vumbi la mbao linanywa maji kama sponji na kukaa nayo siku nyingi. Mti mbichi nao una majimaji yake, na majimaji hayo yanakula chuma. Kwa hiyo vumbi halifai kulazwa na mashine hata usiku mmoja.

Methusela aliuliza swali lililokuwa linamsumbua. Tangu waifunike, hakuna tone la mvua lililoingia. Maji yale kwenye turubai yalitoka wapi?

Mwanaidi alimwomba Anna mabeseni mawili makavu. Udongo wa uani ulikuwa bado na unyevu, na jua lilikuwa kali. Beseni la kwanza aliligeuza kifudifudi chini kabisa, kingo zikagusa udongo. La pili aliligeuza hivyo hivyo juu ya mawe matatu, hewa ikapita chini yake. Kisha akaomba chai.

Chai ilipokwisha alimwambia Methusela ayainue. Beseni la pili lilikuwa kavu. La kwanza lilikuwa na matone ndani, mengine yakichuruzika pembeni.

Methusela alichuchumaa akaliangalia beseni kwa muda mrefu.

"Hakuna mvua iliyonyesha hapa," alisema Mwanaidi. "Maji yametoka ardhini. Jua likiwaka, unyevu unapanda. Ukikuta njia unaondoka. Ukikuta umefungwa unageuka maji na kurudi chini. Mashine yako ilikuwa inanyeshewa kutoka ndani, kila siku."

Wakati huo Bibi Loisi alikuwa amefika na maboga mawili kwa ajili ya mgeni. Mwanaidi alimwamkia kwa heshima. Bibi akamjibu, kisha akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Mwanaidi aliijua salamu hiyo, akaitikia. Bibi alifurahi, akakaa. Alikuwa ameyaona mabeseni.

"Methusela," alisema, "karanga za uani unazifunika siku ngapi?"

"Siku moja, mbili, bibi. Jua likitoka tunafunua."

"Na chakula cha mwaka mzima unakiweka wapi?"

"Kwenye kihenge."

"Kihenge kimekaa wapi?"

Methusela aligeuka kukitazama kihenge chake mwenyewe. Kilikuwa juu ya kichanja, miguu yake imesimama juu ya mawe, paa lake la nyasi limening'inia pande zote. Mbuzi mmoja alikuwa amelala chini yake kivulini. Alikijenga kwa mikono yake. Hata siku moja hakuwahi kufikiria kukilaza kihenge chini na kukizungushia turubai.

Akaanza kucheka polepole, akijicheka mwenyewe.

"Basi Bwana Harusi naye ajengewe kichanja," alisema Meshack.

"Sasa mnanifundisha mimi," alisema Mwanaidi. Akamwambia Bibi Loisi kwamba mfano ule wa kihenge atawapelekea mafundi wenzake Mkonze.

Ilibaki misumeno. Mwanaidi alimwomba Methusela mfuko ilimokaa. Alichungulia ndani, akaunusa. Akalowesha kidole, akagusa kitambaa, akaonja.

"Huu ulikuwa na chumvi."

Anna aliinamisha kichwa.

"Ni mimi, mama," alisema. "Ni mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Niliukung'uta. Nilitaka mtu asikatwe."

Machozi yalimtoka. Alikuwa anawaza vigoda vya Bibi Loisi na Hilda, na ile mvua.

Mwanaidi hakuharakisha. Aliugeuza mfuko nje ndani, akatazama mshono, akapitisha kidole kwenye pindo.

"Pindo hili nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri. Utanishonea mwingine kama huu, wa kitambaa cha pamba, kisafi na kikavu. Wazo lako la mfuko ni zuri, mwanangu. Chumvi ndiyo iliyoharibu."

Akawaeleza. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Kila mama wa nyumbani ameona chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa mvua. Hata ukiukung'uta mfuko, chumvi inabaki kwenye nyuzi. Chuma kikikaa na unyevu na chumvi, kutu inakuja haraka sana. Nayo oili chafu haikusaidia. Ndani yake kuna uchafu uliotoka kwenye injini, na uchafu huo nao unakula chuma. Oili hiyo ikapakwe kwenye nguzo za zizi. Msumeno unataka oili safi, nyembamba, kidogo tu.

Kisha akawaambia jambo ambalo huwa hasemi kwa kila mtu. Alipokuwa bado anajifunza kazi Kondoa, alipewa misumeno kumi mipya aitunze. Aliifuta kwa kitambaa kibichi, akaifungia kwenye sanduku la bati. Akalifunga na kufuli, akaona amefanya kazi kubwa. Baada ya mwezi walitupa misumeno sita. Fundi wake hakumfukuza. Alimpa minne iliyobaki na kumwambia aisafishe mpaka aone uso wake humo. Aliisafisha siku mbili. "Ndiyo maana leo niko hapa," alisema.

Anna alifuta macho kwa upande wa kanga.

Mmoja ulikuwa umeshakatika, hivyo misumeno ilibaki mitatu. Mwanaidi aliipima mmoja mmoja juani. Aliipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, akaisugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Miwili ilianza kung'aa. Kutu yake ilikuwa ya juu tu. Wa tatu ulibaki na vishimo vidogo vidogo, kama ngozi iliyotoka ndui.

"Huu umechimbwa," alisema. "Ukizunguka kwa kasi, utakatikia kwenye kishimo."

Methusela alihesabu siku. Nne zilikuwa zimepita tangu anga litakate. Magogo ya miti saba kwa misumeno miwili ilikuwa kazi ngumu.

"Mama, na tukiutumia kwa gogo moja tu? Ili tuwahi mvua?"

"Bibi anapenda kukaa wapi ukipasua?"

Methusela aliutazama ule msumeno wenye vishimo. Aliziona tena zile hatua nne.

Mwanaidi alichukua koleo la kukatia, akaukata ule msumeno vipande vipande. Akasema anaukata ili kesho na keshokutwa, mtu akiwa na haraka, asishawishike. Methusela mwenyewe akachimba shimo na kuvifukia, watoto na mifugo wasikanyage.

Mwanaidi alikuwa amekuja kwa siku moja. Akapiga simu Mkonze, akawaambia wateja wake wamvumilie. Alibaki siku nane.

Siku mbili za kwanza walisafisha. Waliondoa vumbi lote kwa brashi na vijiti, hata kwenye pembe zisizoonekana. Walisugua reli kwa brashi ya waya, wakazifuta, wakazipaka oili nyembamba. Nati na nyuzi za skrubu zilipakwa grisi. Mikanda ya mpira inayotoka kwenye injini hawakuigusa na oili, kwa sababu oili inaharibu mpira na kuufanya uteleze.

Siku ya tatu waliipeleka mashine kwa Bibi Loisi, wakaanza kupasua. Meshack alimwekea Bibi Loisi kigoda mbali, nyuma ya mashine, akachora mstari chini. Alisema hata rais akija atakaa nyuma ya huo mstari.

Mashine ilikwenda vizuri. Ubao wa kwanza ulitoka umenyooka. Bibi Loisi aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa. Alisema mume wake alikuwa anamwagilia miti hii kwa maji aliyonawia, wakati wa ule ukame. Watu walimcheka, lakini aliendelea kumwagilia.

Msumeno mmoja ulipopasua, mwingine Mwanaidi aliunoa, jino kwa jino, bila papara. Jioni alimfundisha Methusela namna ya kufunga kazi. Alimfanya arudie kila siku mpaka mikono yake ikazoea.

Kwanza Methusela aliyafunga maji yanayodondokea msumeno kuupoza, akauacha uzunguke mtupu kidogo ukauke. Akazima injini, akachomoa waya wa plagi. Akaulegeza msumeno, kwa sababu ukilala umevutwa usiku kucha unachoka na kupata nyufa. Akauvua akiwa na glovu. Akaufuta utomvu kwa kitambaa chenye dizeli, akaukausha, akaupaka oili safi. Ndipo ukaingia kwenye mfuko mpya wa Anna. Mfuko huo haukutundikwa ukutani tena, maana ukuta wa udongo unatoa unyevu wakati wa mvua. Ulitundikwa kwenye boriti, katikati ya stoo. Chumvi ya ng'ombe ilihamishiwa upande wa zizi.

Alasiri, kazi ya mbao ikipungua, majirani walisaidia kujenga banda la mashine. Lilikuwa na nguzo nne, na paa la nyasi lililoshuka chini pande zote kama la kihenge. Sakafu ilikuwa ya mawe, ili mashine isikae kwenye udongo. Pande ziliachwa wazi hewa ipite. Upande unakotoka upepo wa mvua walifunga turubai la karanga kwenye nguzo. Halikugusa mashine, na chini waliacha nafasi ya mkono mzima. Juu ya bomba la moshi Meshack aliweka kopo, maji yasiingie kwenye injini. Alisema Bwana Harusi amevaa kofia.

Mbao zilipangwa na vijiti katikati yake, nazo zipate hewa. Siku ya kumi tangu anga litakate, mawingu yalianza kujikusanya upande wa mashariki. Mwanaidi aliyatazama, akaendelea kunoa.

Siku ya kumi na moja gogo la mwisho lilipasuliwa, na mashine ikarudishwa kwenye banda lake. Methusela aliyapanga mabanzi karibu na jiko la Bibi Loisi, kama kawaida yake. Siku ya kumi na mbili majirani walikuja na nyundo. Wengine walipanda juu kugonga kenchi za paa, wengine wakapitisha mabati, wanawake wakapika. Jioni paa lilikuwa limekaa.

Mwanaidi aliondoka asubuhi iliyofuata. Alimwachia Anna chupa ya oili safi, akamwambia kitambaa chake cha kila asubuhi ndicho kilichomfanya aamini kwamba mashine hii itapona. Anna alimpa boga moja la Bibi Loisi na mfuko mwingine wa misumeno, wenye pindo lile lile. Mwanaidi aliukagua mshono mpaka basi likapiga honi.

Mvua ilirudi siku ya pili yake, saa tisa alasiri. Ilikuja kubwa, na upepo.

Methusela na Anna walikuwa shambani. Waliangaliana, wakaacha majembe, wakakimbia kuelekea kwa Bibi Loisi. Walitaka kuliona lile paa. Walishuka korongoni wakiteleza, kanga ya Anna imegandamana mwilini.

Katikati ya njia wakafikiwa na mtu anayekuja mbio kutoka upande wa nyumbani kwao, amejifunika kiroba kichwani. Alikuwa Bibi Loisi. Mkononi alishika kitambaa kikavu, amekikumbatia kisilowe.

"Bibi, unatoka wapi kwenye mvua hii?" aliuliza Anna.

"Natoka kwenu. Nimekwenda kumwangalia Bwana Harusi. Nimepitisha mkono kwenye reli zote." Alifungua kiganja akawaonyesha. Kilikuwa na mafuta kidogo, na hakikuwa na wekundu wowote. "Ni kavu. Na nyie je?"

"Tunakwenda kuangalia paa lako."

"Paa? Hilda amelala kitandani, amenyoosha miguu. Halijadondosha hata tone."

Walisimama hapo watatu, maji yakiwachuruzika mpaka miguuni. Bibi Loisi akaanza kucheka.

"Nyumba kavu, mashine kavu," alisema. "Tuliolowa ni sisi tu."

Akamshika Anna mkono, wakaenda wote kwake, chini ya bati, kusubiri mvua ikatike.